Kopo la Shanga Ofisini kwa Mtendaji

Makofi ndiyo yaliyomponza Adinani. Wajumbe wangenyamaza tu siku ile, angesema maneno yake mawili ya heshima, angeketi, na mambo yote yaliyofuata yangempata mtu mwingine. Lakini walipiga makofi, na Adinani mwuza khanga alikuwa na udhaifu mmoja ambao mji mzima wa Mbinga uliujua: akipigiwa makofi, hajui pa kuishia.

Kamati ya kata ilikuwa imekutana katika ghala la chama cha msingi, kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Kahawa ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na fedha taslimu kwenye mifuko ya plastiki, na wakulima walikuwa hawana tena sababu ya kungoja malipo ya ushirika. Fedha zile zilileta vibanda pale stendi, na vibanda vilileta kila kitu. Diwani Urbani, mkulima wa kahawa mwenye sauti ya chini na koti la sufu asilolivua hata jua likiwaka, alieleza kwamba kuna sheria ndogo mpya ya kuzuia uuzaji wa bidhaa za watu wazima, na kwamba kata inatakiwa iseme ni bidhaa zipi.

Bibi Ottilia, kiongozi wa kinamama wa parokia, hakungoja aitwe. "Mwenyekiti, tusizunguke. Kibanda cha Ilyasi kipo hatua chache kutoka shule. Kuna magazeti ya wanawake wasio na nguo, kuna vidonge vya kuwapa wazee kiburi, kuna hiyo mipira. Watoto wanaipuliza kama maputo! Nani atawaambia ni kitu gani?"

"Waambiwe ni kinga," alisema Joakim, mganga msaidizi wa zahanati, mtu mkavu aliyezoea kutosikilizwa. "Magazeti ondoeni, sina neno. Lakini mipira ile inaokoa watu. Huku juu tunazika, kule ziwani wanazika. Sheria inaweza kufunga duka la mtu, haiwezi kwenda kulala chini ya kitanda chake."

Ndipo Diwani akamwomba Mzee Adinani aseme kwa niaba ya wafanyabiashara. Adinani akasimama, akairekebisha kofia yake ya viua, akakohoa kikohozi kile cha watu wenye asili ya pwani wanapotaka bara inyamaze.

"Ndugu yangu Joakim anasema sheria haiwezi kuingia chini ya kitanda," alisema. "Sawa. Basi na ya kitandani nayo yasitoke kuja dukani! Kitu chochote cha chumbani, kinachouzwa kwa ajili ya mambo ya chumbani, kisionekane kwenye kaunta ya mfanyabiashara mwenye haya!"

Makofi. Bibi Ottilia mwenyewe alipiga, yeye ambaye hakuwahi kununua kwake hata pini. Adinani akavimba. Na hapo, badala ya kukaa, akaongeza: "Na ukaguzi uanze na duka langu. Njooni kesho!"

Ukimwuliza leo atakwambia kwamba hakuna mtu aliyemtuma, aliyemlazimisha wala aliyemlewesha. Alijipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe, huku akitabasamu.

Wakaja kweli, watatu: Diwani Urbani, Bibi Ottilia, na Kilian, afisa mtendaji wa kata, kijana mnene aliyebeba gunia tupu chini ya kwapa. Adinani aliwakaribisha kwa kahawa ya tangawizi. Wateja waliokuwemo akawaomba wasiondoke, wapate kushuhudia. Mkewe, Zamda, alikuwa kwenye cherehani akipinda khanga. Aliinua macho, akamtazama mumewe, akayarudisha kwenye sindano.

"Baba Shamimu," alisema kwa upole, "ungewaonyesha stoo ya chumvi kwanza."

"Tunaonyesha vyote!" alijibu Adinani, na akaanza kufungua madroo kama bwana harusi anayeonyesha nyumba mpya. Sabuni, tazameni. Viberiti, tazameni. Mafuta ya taa, karibuni mnuse. Alipofika rafu ya khanga akaona nyuma yake kopo kubwa la maziwa ya unga, lile ambalo lilikuwa pale tangu duka lifunguliwe. Kila siku alikuwa akiliona kama anavyouona mwimo wa mlango, yaani halioni.

"Hata hili kopo," alisema, "msije mkadhani kuna siri," na akalimimina juu ya kaunta.

Shanga zikamwagika. Nyekundu, nyeupe, nyeusi, za bluu ya ziwa, zimetungwa nyuzi ndefu kwa ndefu, zikateleza juu ya mbao kwa sauti ile laini aliyokuwa ameisikia nyumbani kwake usiku na mchana tangu aoe. Chini ya kopo kulibaki kifurushi cha kitambaa kilichogoma kutoka. Hakuna aliyekijali, macho yote yalikuwa kwenye shanga.

Jambo la ajabu ni kwamba Adinani hakuwa mnafiki. Pale kwenye mkutano shanga hazikumpitia kichwani hata kidogo. Kwake yeye shanga hazikuwa bidhaa ya watu wazima. Zilikuwa kama ubani na chai ya mdalasini, zilikuwa nyumbani. Zamda alikuwa somo, mfundaji wa mabinti wanaoolewa, na mabinti wa mji ule, wa Kiislamu kwa mlango wa mbele na wa Kikatoliki kwa mlango wa nyuma, wote walipita kwake na kutoka na nyuzi zao kiunoni. Adinani alikuwa akiwapisha tu.

"Hizi za nini, Mama Shamimu?" aliuliza Bibi Ottilia.

"Muulizeni mwenye duka," alisema Zamda bila kuacha kukanyaga cherehani.

Adinani akairekebisha kofia. "Ni... za watoto. Za kuchezea."

Bibi Ottilia akachukua uzi mmoja, akaunyoosha mbele ya macho ya wote. "Mtoto gani huyo, Mzee Adinani, mwenye kiuno cha namna hii?"

Wateja wakaangua kicheko, na Adinani akakumbuka kuwa ni yeye aliyewaomba wabaki. Kilian akarudisha shanga koponi, akalitia kopo guniani, akasema kwa adabu kubwa, "Mzee, tusamehe. Ulisema mwenyewe: kitu chochote cha chumbani."

"Unajua zilikuwa za nani zile?" Zamda aliuliza walipofunga duka kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Za biashara."

"Za biashara ziliisha tangu mfungo mosi. Zile ni za Shamimu. Za marehemu mama yangu, nimezifumua na kuzitunga upya uzi kwa uzi."

Adinani aliweka chini tonge lake. Shamimu, binti yao wa pekee, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa amekwisha kuteremshwa Mbamba Bay nyumbani kwa Safina, dada yake Zamda, ambako alikuwa amewekwa ndani akifundwa. Ndoa ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Bwana harusi, Hamidu, alikuwa kijana wa kule kule, anayevuka na mitumbwi ya injini kwenda Malawi kupeleka samaki na kurudi na sukari.

"Shanga ni shanga tu, Mama Shamimu. Tutanunua nyingine Songea."

"Nunua. Dada yangu atazifungua mbele ya wanawake wa ukweni, watauliza ni za nani, tutajibu za dukani Songea. Watasema mtoto huyu hana bibi, hana mama, ana baba tu anayejua kuhutubia."

Aliinuka kwenda kuchukua maji, na hapo Adinani akasikia kitu kilichomtisha kuliko maneno yote. Hakusikia kitu. Zamda alitembea kutoka jamvini hadi mtungini na kurudi, na hakuna shanga iliyolia.

"Umevua?"

"Sheria ni sheria," alisema Zamda. "Ianze nyumbani kwa aliyeitunga."

Zamda hakununa. Alipika, alicheka na majirani, alimwamkia vizuri. Lakini alipita nyuma yake kimya kama mgeni aliyekuja kupima nyumba, na Adinani akawa anageuka kila mara kuangalia kama yupo. Ilimuuma, tena sana, na hakuwa na wa kumlaumu ila mdomo wake.

Alikwenda ofisini kwa Kilian, kwenye kona ya ghala lile lile, na kahawa ya nusu kilo kwenye bahasha. Kilian aliikataa kahawa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa sababu palikuwa na watu kwenye benchi.

"Ili mali irudi, Mzee, lazima ielezwe matumizi yake."

"Ni mapambo."

"Ya kuvaa wapi?"

Adinani alitazama benchi. Kulikuwa na mama mwenye kuku, na wazee wawili wa kijiji cha Ukata waliokuja kwa kesi ya mpaka wa shamba, na wote walikuwa wamesahau shida zao. "Mwilini," alisema.

"Mwilini wapi, Mzee? Shingoni zitafika magotini."

"Kilian mwanangu, wewe umeoa."

"Nimeoa, shikamoo Mzee wangu, lakini mimi mke wangu sikumleta kwenye kamati. Kamati inakaa kesho. Nenda kaiambie."

Akaenda. Safari hii hakukohoa. Aliwaambia wajumbe kwamba zile hazikuwa za watoto, kwamba alidanganya kwa kufadhaika. Akaeleza kuwa shanga ni mila, huvaliwa na mke kwa ajili ya mume wake wa halali, na kwamba hata bibi zao wajumbe, huko Litumbandyosi na Tingi, walivaa kabla ya nguo za dukani kufika. Mzee mmoja akaitikia, "Kweli, mama yangu alivaa," na ghala likachangamka.

Joakim akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, nimefurahi. Kwa hiyo Mzee Adinani sasa anakubali kwamba chumba cha mtu ni chake. Basi turuhusu na kinga irudi kibandani kwa Ilyasi."

Wote wakamgeukia Adinani. Angeweza kusema ndiyo. Lakini aliona uso wa Bibi Ottilia umeanza kukunjika, akaona kopo lake linataka kumponyoka. "Hayo ni mengine," alisema haraka. "Shanga ni mila. Ile mipira ni uhuni ulioletwa na magari. Tusichanganye."

Makofi tena. Ndiyo, tena! Shanga zikaondolewa kwenye sheria, mipira ikabaki. Kilian akafungua kabati la chuma pale pale, akatoa kopo. "Shanga zako hizi, Mzee. Vile vingine vilivyokuwa ndani havikusamehewa, vinabaki."

Adinani hakuuliza vingine vipi. Alidhani ni udi au dawa za kinamama, na alikuwa na haraka ya kuondoka kabla hawajabadili mawazo.

Nyumbani alilikabidhi kopo kwa mikono miwili, akangoja asifiwe. Zamda alitoa nyuzi moja baada ya nyingine, akazibusu, akazilaza juu ya khanga. Kisha akaingiza mkono hadi chini ya kopo, akapapasa.

"Na vya chini?"

"Vya chini vipi?"

"Kulikuwa na kifurushi."

"Kilian alisema kuna vitu havikusamehewa. Vilikuwa nini, udi?"

Zamda alikaa kitako. "Ilikuwa mipira, Baba Shamimu. Ya Ilyasi. Nilikuwa nikinunua kwake kuliko madereva wote wa stendi."

Adinani akavua kofia, akaipakata.

"Unamkumbuka Vitalia? Mtoto wa dada yake Ottilia, yule aliyeolewa na dereva wa lori la kahawa. Alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, nikamfunda. Nilimfundisha namna ya kutembea, ya kuitika, ya kumpokea mume akitoka safari. Shanga zake nilizitunga mimi, hakuna bi harusi aliyependeza kama yeye. Mwaka juzi wakamzika, wakasema kifua. Sote tunajua si kifua. Nilimfunda yote, Baba Shamimu, nikasahau kumfunda asife. Toka siku ile kila binti ninayempamba namwekea na kinga chini ya shanga, na maneno ya kumwambia mumewe. Wengine wanazitumia, wengine wanatupa. Lakini mimi naweka."

"Hamidu ni kijana mzuri," alisema Adinani kwa sauti ndogo.

"Mume wa Vitalia alikuwa kijana mzuri. Tena aliswali sana, kanisani kwao." Akafunga khanga juu ya shanga. "Mimi nashuka Mbamba Bay leo, Safina ananingoja. Nimekuachia kopo. Likija tupu, nitajua ulipenda makofi kuliko mwanao."

Adinani alikwenda kibandani kwa Ilyasi. Alikwenda kwa kuzunguka nyuma ya soko, kofia mkononi, kama mtu anayekwenda kuiba. Ilyasi alikuwa amebaki na mayai ya kuchemsha na kachumbari.

"Shikamoo Mzee. Yai?"

"Marahaba. Ilyasi, ile... ile bidhaa yako."

Ilyasi akamtazama, akaona hatanii. Hakumcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Walichukua yote, Mzee. Hakuna duka lenye nayo mjini. Mlifanya kazi nzuri."

Zahanatini, Joakim alimwonyesha boksi tupu. "Mgao haujaja. Tukiishiwa nilikuwa nawaelekeza kwa Ilyasi." Akalifunga boksi. "Leo mipira imejaa mahali pamoja tu, Mzee, na unapajua. Wanakutana sasa hivi habari ya bomba la maji."

Ghala lilikuwa limejaa kuliko siku zote, maana maji ni maji. Adinani aliingia na kopo lake tupu, akasimama karibu na mlango mpaka Diwani Urbani alipomwona.

"Mzee Adinani, shanga zina upungufu?"

Watu wakacheka. Adinani alitamani naye acheke. Alikuwa ameandaa njiani maneno mazuri juu ya afya ya jamii na taifa la kesho, angeweza kuombea mabinti wote wa wilaya bila kumtaja mmoja. Akayatafuta yale maneno, akaona hayana kazi.

"Mwenyekiti, nimefuata vilivyokuwa chini ya shanga," alisema. "Ile mipira. Ni ya Shamimu, binti yangu. Anaolewa Ijumaa. Mama yake alimwekea, nami nikawakabidhi kwa mkono wangu mwenyewe."

Kicheko kilianza upande wa nyuma, kikafika katikati, kikafa. Baba mzima wa Kiislamu, mwenye kofia, amemtaja binti yake pamoja na kitu kile mbele ya wanaume wa kata nzima. Wengine walitazama chini kwa kumwonea aibu. 

"Sheria, Mzee..." alianza Kilian.

"Naijua. Niliipigia debe mimi. Na Joakim aliponiuliza, nikamruka. Nilikosea. Sina la kujitetea. Naogopa tu."

Diwani alimtazama Kilian, Kilian akalitazama kabati. Ndipo Bibi Ottilia akainuka. Adinani akafumba macho akingoja hotuba, kwa sababu yeye angekuwa Ottilia angehutubia.

Bibi Ottilia alitembea hadi kwa Kilian, akamnyooshea kiganja mpaka akapewa ufunguo. Akafungua kabati, akatafuta, akatoa kifurushi cha kitambaa. Akaja nacho hadi mlangoni, akakitia koponi kwa mkono wake, akakaza mfuniko.

"Vitalia wetu alikuwa na shanga nzuri sana," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na Adinani peke yake. Kisha akarudi kitini. "Mwenyekiti, endelea na maji."

Hakuna aliyepiga makofi.

Alishuka Mbamba Bay na lori lililokuwa likifuata dagaa, amepakata kopo, na tayari utani ulikuwa umemtangulia. Utingo alimsalimu kwa jina jipya: Mzee Vya Chini. Adinani akaitikia, maana jina lilikuwa lake kihalali. Sheria haikuguswa, Ilyasi aliendelea kuuza mayai, na Kilian aliendelea kufunga kabati. Alichopata Adinani kwa aibu yake yote ni kifurushi kimoja.

Nyumba ya Safina ilikuwa karibu na mchanga wa ziwa, na mwanamume haruhusiwi kupita ukumbini. Alibisha hodi uani. Zamda akatoka na unga wa liwa wa kumsingia bi harusi mikononi na mashavuni, akapokea kopo, akalitikisa. Likasema kitu. Akafungua, akaona.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye kamati."

"Uliwaambiaje?"

"Niliwaambia ni ya Shamimu."

Zamda alishika mdomo kwa mkono wenye liwa. "Mbele ya watu wote? Umemtaja mtoto?"

"Nimemtaja."

"Ya Rabi! Adinani, una wazimu!" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Shamimu azaliwe. Alianza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na machozi yakachora njia mbili kwenye liwa la mashavuni. Hayakuwa yote ya kicheko. "Nenda kakae na wanaume. Na usihutubie mtu."

"Sihutubii."

Akageuka kuingia kwa bi harusi na kopo lake kifuani. Adinani alibaki amesimama uani peke yake, Mzee Vya Chini, akimsikiliza mkewe anavyotembea. Alikuwa amezivaa tena shanga zake.